Pikipiki za mbio na barabara ya Kisorya

Mhariri,

Wanaotoka Arusha peke yao kwa pikipiki za mbio hadi Kisorya wanastahili pongezi kabla ya lawama. Hifadhi ya Serengeti hairuhusu pikipiki, hivyo huzunguka Singida, Shinyanga na Mwanza, wameinamia tangi siku nzima. Mgongo wa bodaboda wetu usingekubali!

Lakini wakishakata kona Bunda, lami ya kuelekea kivukoni huwalevya. Penye makazi sheria ni kilomita 50 kwa saa, na ng'ombe wa huku hawasomi vibao. Kivuko cha kwenda Rugezi kina ratiba yake, hakikimbizwi. Wahusika nao wapake rangi matuta; pikipiki ya chini namna ile hukwaruza tumbo kabla mwendeshaji hajayaona.

Msomaji wako,
Kisorya, Bunda