Mtoto Yuko Wapi?

Mnaijua stesheni ya Tenke. Reli inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapo: moja inakwenda Kolwezi, nyingine Kamina. Njia ya mtoto nayo hugawanyika: shuleni, ama kwenye mashimo ya shaba na kobalti.

Baba mmoja husema: «Njaa haingoji. Mtoto aende kuosha mawe mtoni, tupate unga.» Njaa ni kweli, tusimcheke baba huyo. Lakini fedha ya mawe ya leo inaliwa leo, na shimo likibomoka linamfunika mtoto. Tena, asiyejua kusoma mizani hupunjwa na mnunuzi hata akiwa mzee.

Yesu alipokuwa na miaka 12 alibaki Yeruzalemu. Maria na Yosefu walimtafuta, na siku ya tatu wakamkuta hekaluni kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Kisha akarudi nao Nazareti, akawatii.

Basi, mzazi ana wajibu wa kujua mtoto wake yuko wapi. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni bure katika shule za serikali. Mwaka 2019 serikali ilianza kuyatimiza hayo.

Mtoto naye ana wajibu. Akitoka shuleni ateke maji, alime, atunze wadogo zake, bila kunung'unika. Hivyo ndivyo tunavyowaheshimu baba na mama: kwa kitabu asubuhi, kwa jembe jioni.