Mfupa Kuunga Si Mguu Kupona

Yeyote apitaye Kamakis, mjini Ruiru, saa za jioni wachoma nyama wanapopepea makaa yao, hujionea jinsi miguu ya binadamu ilivyo hatarini kando ya Eastern Bypass. Bodaboda hupenya baina ya matatu, nao abiria huruka chini kabla gari halijatulia. Hapo ndipo mimi nami nilipoanguka nikishuka bodaboda, nikavunjika kifundo cha mguu wa kulia.

Nilifungwa plasta kwa majuma sita. Siku ya kufunguliwa, niliambiwa maneno mawili tu: "Mfupa umeunga." Nikashukuru, nikaenda zangu. Sikuelezwa lolote kuhusu tiba ya viungo, wala sikuuliza. Nilipojaribu kushuka ngazi za nyumbani, kifundo kilikataa kukunjika, nikalazimika kushuka kwa makalio kama mtoto anayetambaa.

Sisi tunaofundisha lugha twajua kwamba maneno yanayokaribiana kimaana si lazima yawe sawa. Kuunga ni habari ya mfupa. Kupona ni habari ya mtu. Lakini katika mazungumzo yetu tumeyachanganya maneno haya mawili, na kosa hilo la lugha limezaa kosa la tiba. Plasta ikishatolewa, mgonjwa, jamaa zake na mwajiri wake wote huamini kwamba safari imekwisha, ilhali nusu yake ndiyo kwanza inaanza.

Wayo mmoja una mifupa 26, iliyoshikanishwa kwa kano na kuendeshwa na misuli. Plasta huutuliza mfupa ili uunge, lakini utulivu huo huo hukikakamaza kifundo, hunywesha misuli ya shavu la mguu, na kuudhoofisha uwezo wa mwili wa kujua mguu umekanyaga vipi. Asiyeurejesha uwezo huo huenda akachechemea kwa muda mrefu, au akateguka tena penye kijiwe kidogo tu.

Nilipompata hatimaye mtaalamu wa tiba ya viungo, zoezi la kwanza lilinichekesha: kuandika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu. Kicheko kilikoma kabla sijafika herufi E. Yakafuata mengine: kuvuta wayo kwa leso huku goti limenyooka, kunyanyua visigino nikishikilia kiti, kusimama kwa mguu mmoja. Nilifunzwa pia kwamba katika kupanda ngazi hutangulia mguu mzima, na katika kushuka hutangulia ulioumia. Mazoezi haya hayahitaji mitambo ya bei ghali. Yahitaji mwongozo, kwani uzito huongezwa kwa kadiri anavyoruhusu daktari, na subira, maana uvimbe waweza kudumu miezi kadhaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Swali langu ni hili: kwa nini nilipata maarifa haya kwa bahati? Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Tunayo pia sheria ya mwaka 2014 iliyounda baraza la kuwasajili wataalamu wa tiba ya viungo. Haki na sheria hazimfai mgonjwa asiyejua kwamba tiba hiyo ipo. Naona ni wajibu wa kila hospitali kutomruhusu mgonjwa aliyefunguliwa plasta kuondoka bila kuandikiwa siku ya kumwona mtaalamu huyo na kuonyeshwa mazoezi ya kuanzia nyumbani.

Shule nazo zina wajibu wake. Mwanafunzi aliyevunjika kifundo hurejea bwenini, na kwa kuwa hana tena plasta wala mikongojo, huhesabiwa kuwa mzima. Hutakiwa akimbilie gwaride, apande hadi darasa la ghorofa ya juu, ashiriki michezo. Akisita, huitwa mvivu. Mwalimu aliyeumia naye hutarajiwa kusimama vipindi vyote. Je, ni gharama gani kulihamishia darasa lake chini kwa muhula mmoja, kumpa kiti mbele ya ubao, au kumruhusu mwanafunzi kwenda kliniki mara moja kwa juma? Gharama hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na kijana kuchechemea maishani.

Kwenu wanafunzi, na kwenu walimu wenzangu: siku plasta itakapofunguliwa, msiulize tu kama mfupa umeunga. Ulizeni, "Nitatembeaje, na nani atanifundisha?" Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi hana budi kuinama tena, aanze kazi upya.