Rongai: Uliza habari ya maji kabla ya kulipa kodi

Mpangaji anayehamia Ongata Rongai, msomaji, huuliza yale yale: kodi ni pesa ngapi, steji iko umbali gani, na matatu za 125 hukwama saa ngapi kwenye barabara ya Magadi. Ni nadra kumsikia akiuliza maji ya ploti yanatoka wapi na uchafu wa choo unakwenda wapi. Kwa maoni yangu, maswali haya mawili ndiyo yangetangulia.

Mji huu uko kilomita zipatazo 17 kusini mwa katikati ya Nairobi. Ukivuka mto Mbagathi, jiji umeliacha nyuma. Hadi mabaraza ya zamani yalipovunjwa mwaka wa 2013, Rongai haikuwa na baraza lake la mji; ilikuwa chini ya Baraza la Kaunti la Olkejuado, lenye makao yake Kajiado. Watu hawakungoja. Mashamba yalikatwa yakawa ploti, ploti zikaota ghorofa, na sensa ya 2019 ikahesabu wakazi 172,569.

Kwa hivyo mwenye ploti akawa ndiye baraza la mji. Alichimba kisima chake na shimo la choo chake, na katika ploti ya futi 50 kwa 100 vitu hivyo haviwezi kuachana sana. Hata ukiwa mwangalifu, jirani naye amechimba vyake, pengine nyuma tu ya ukuta wako. Mvua za Aprili zikijaza mashimo hayo, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo huvuka bila kulipa nauli.

Hivyo angalau moto huviua, yaani maji yakichemka hadi yatokote. Adui wa pili haogopi jiko. Katika miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa na maeneo yanayopakana nalo, maji ya visima virefu mara nyingi huwa na madini ya floraidi kupita kiasi, na visima viwili vya mtaa mmoja huweza kutofautiana sana. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji yenye floraidi nyingi hung'aa, hayanuki, na ukiyachemsha kwa muda mrefu madini hayo huzidi kukolea. Dawa ya klorini pia haiyaondoi. Mtoto akiyanywa miaka yake ya kwanza, kabla ya kufika kama miaka minane, meno yake ya ukubwani huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Akiendelea kunywa maji yenye kiwango kikubwa mno kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Watu husema ni meno ya ukoo. Ukoo gani huo unaoanzia kwenye mfereji wa ploti?

Dawa iliyo karibu ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi. Yaache ya kwanza yaoshe bati, kisha kinga, chemsha, na uyatumie kwa uji na maji ya kunywa ya watoto. Ya kisima yafue nguo.

Lakini mpangaji asibebeshwe mzigo wote. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama, na huduma za maji na usafi ni jukumu la kaunti. Ningependa kaunti imlazimishe kila anayeuza maji ya kisima, awe lendilodi au mwenye malori, atundike langoni matokeo ya maabara: vijidudu na floraidi. Wenye ploti watalalamikia gharama. Aliyemudu kuchimba kisima kirefu hashindwi kulipia kupima chupa moja ya maji.

Hadi hapo, wapangaji wa ploti moja wanaweza kuchanga wapime wenyewe, au kuidai karatasi hiyo kabla ya kulipa depositi. Mkionyeshwa, tazameni tarehe, kwani kuna visima vilivyopimwa siku ya kuchimbwa tu, wakati ploti za jirani zilikuwa bado nyasi.