Pikapu Iliyotanuliwa na Beringi Isiyomaliza Masika

Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Unyanyembe na kuishia Ujiji, ilikuwa na urefu wa kiasi cha kilomita 1,200, na kwa miaka mingi mizigo yake haikujua gurudumu. Vitambaa, shanga, nyaya za shaba na pembe za ndovu vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Wapo waliojaribu kuleta magurudumu. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka pwani na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ndorobo waliwamaliza ng'ombe, na mizigo ikarudi vichwani. Gurudumu lilishika njia hii kwa uhakika pale reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Leo frasila mbili ni mzigo wa kuchekwa. Pikapu moja inayotoka vijijini Urambo au Sikonge wakati wa mavuno hubeba tumbaku, mpunga na asali, na juu ya hayo yote huketi watu. Ili iweze kupita mbugani masika, mwenyewe huiongezea mabamba ya springi, huinyanyua, huivisha matairi mapana kuliko ya kiwandani, kisha huyasukuma magurudumu nje kwa rimu pana au kwa vile vipande vya chuma ambavyo mafundi huviita spesa. Gari hupendeza, hatukatai. Lakini beringi ya gurudumu, ambayo kwa matumizi ya kawaida ingedumu miaka, hufa baada ya miezi mitatu au minne, na hapo ugomvi huanza: mwenye gari anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuza spea, na muuza spea anaapa kwa Jina la Mwenyezi Mungu kwamba mali yake ni halisi.

Jambo hili tumelipitia sisi wenyewe katika kamati ya msikiti, kwa gari ambalo waumini walilitoa wakfu kwa ajili ya jeneza, wagonjwa na walimu wa madrasa za vijijini. Lilitufikia likiwa limekwisha kutanuliwa. Rimu pana na matairi yake vilikuwa zawadi ya mzee mmoja wa jamaa yetu. Beringi za mbele upande wa kulia zilibadilishwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Zilipokufa mara ya tatu, gari lilikuwa linamleta mama mjamzito usiku kutoka kijiji kimoja upande wa Sikonge. Dereva alisikia mvumo uliokuwa ukipanda kila alipoongeza mwendo, kisha harufu ya grisi inayoungua. Akasimama. Gurudumu lilipoinuliwa kwa jeki na kutikiswa, lilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Mama alihamishiwa kwenye gari la msafiri mwingine, akafika hospitali, akajifungua salama, alhamdulillah. Baada ya usiku ule hapakuwa na mjumbe wa kamati aliyezungumzia tena bei ya beringi.

Tulimwomba fundi mtu mzima, ambaye amefanya kazi ya magari makubwa ya njia ya Kigoma, akae nasi na atueleze kitu kwa kitu. Katika pikapu za aina ya lile letu, ndani ya habu ya gurudumu la mbele mna beringi mbili za rola, zilizochongoka kwa umbo la pia na kuelekeana. Ile ya ndani ni kubwa, ya nje ni ndogo. Gari likitoka kiwandani, rimu hukaa kwa namna ambayo uzito wa gari unashuka katikati ya beringi hizo mbili, na kila moja huchukua sehemu iliyopangiwa. Ukiisukuma rimu nje kwa sentimita chache tu, uzito unatoka pale katikati na kuielemea ile ndogo ya nje, huku beringi zote mbili zikilazimishwa kupinda. Mwenye kutaka kuamini na achukue ndoo ya maji, aishike karibu na kifua, kisha ainyooshe mbele yake kwa mkono mmoja. Maji hayakuongezeka, lakini bega linajua tofauti.

Watengenezaji wa beringi duniani wanayo hesabu ya jambo hili, na inafaa ijulikane katika kila nyumba yenye gari la mizigo. Umri wa beringi ya rola haupungui kwa kadiri ileile mzigo unavyoongezeka; unapungua kwa kasi kubwa zaidi. Mzigo juu ya beringi ukiongezeka kwa nusu, umri unashuka hadi karibu robo. Mzigo ukiwa maradufu, umri unabaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mtu aliyetanua magurudumu, akaweka matairi mazito, kisha akajaza magunia kwa kuwa springi sasa zinahimili, asishangae miaka kumi ikigeuka kuwa mwaka mmoja. Springi zimeongezwa nguvu. Beringi ni zilezile.

Hata hivyo, uzito peke yake usingetosha kueleza miezi minne. Hapa fundi wetu alifanya jambo ambalo tungependa kila mwenye gari alidai: alikataa kutupa beringi zilizokufa. Alizitia zote mafuta ya taa, akazisafisha, akazipanga juu ya gazeti, na akazisoma kama tabibu anavyousoma ulimi wa mgonjwa. Ya kwanza ilikuwa imebanduka vigamba njiani mwa rola, upande mmoja zaidi ya mwingine. Hiyo ni alama ya kuelemewa. Ya pili ilikuwa na vishimo vya kutu, na grisi yake ilikuwa imegeuka nyeupe kama uji. Hayo ni maji. Ya tatu ilikuwa na rangi ya samawati iliyotokana na joto kali, na kikombe chake, yaani ile pete ya nje inayopaswa kukazwa ndani ya habu isiweze kusogea, kilikuwa kimezunguka na kuila habu yenyewe.

Habari ya maji inawahusu sana watu wa huku kwetu. Gari likienda mwendo mrefu, habu hupata joto na hewa iliyomo ndani hutanuka. Likiingia ghafla kwenye maji ya mbuga, habu hupoa kwa mara moja, hewa husinyaa, na ule upungufu huvuta maji na tope kupitia kwenye sili. Dereva hujiona amevuka salama. Siku chache baadaye kutu imeshaanza kazi. Dawa yake ni kusimama kabla ya kuvuka, habu zipoe kidogo, na baada ya masika kuzifungua na kuziangalia hata kama hakuna kelele. Na kiangazi nacho kina yake, kwani vumbi letu jekundu likichanganyika na grisi kwenye sili iliyochakaa huwa ni tupa inayosaga chuma polepole.

Ile beringi ya tatu ndiyo iliyotufungua macho. Habu ikishaliwa, beringi yoyote utakayoitia, hata iwe bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, itakaa upande na itakufa. Kilichoiharibu habu ni namna vikombe vilivyokuwa vikipigwa kwa nyundo na patasi katika gereji za haraka, ambako pia ilipata kubadilishwa rola na kuachwa kikombe cha zamani, ili kuokoa muda. Rola na kikombe ni jozi, hubadilishwa pamoja. Nati nayo haikazwi kwa nguvu za mkono mpaka basi. Hukazwa huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae mahali pake, kisha hulegezwa, halafu hukazwa tena kidogo kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari husika. Ikikazwa mno beringi huungua, ikilegea mno hupigwapigwa. Grisi nayo hushindiliwa katikati ya rola kwa kiganja, baada ya ile ya zamani kuoshwa yote. Kujaza habu nzima hakuongezi uhai, na kuchanganya grisi za aina mbili huweza kuzifanya zote mbili ziwe majimaji.

Je, beringi bandia? Zipo, na ni dhuluma. Kughushi alama za biashara ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Mwenye kuuziwa bandia aende kulalamika huko, akiwa na risiti na boksi. Asiishie kulaani barazani. Lakini kwa maoni yetu neno "bandia" limekuwa mto wa kulalia. Beringi yetu ya tatu ilinunuliwa kwa wakala, kwa bei iliyowatia wajumbe uchungu, na ndiyo iliyodumu muda mfupi kuliko zote.

Ufundi ulipomalizika likabaki jambo zito zaidi. Rimu pana zilikuwa zawadi, tena zawadi iliyotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na mzee aliyezitoa alikuwa akiliangalia gari kila Ijumaa kwa furaha. Vijana walisema zing'olewe kimya kimya. Imamu alikataa, alisema kilichotolewa wakfu hakigeuzwi kwa kificho, na kwamba mtoaji yu hai, hivyo aulizwe. Tukaenda nyumbani kwake wajumbe watatu, na ile beringi ya samawati imefungwa ndani ya kitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja na sura za msiba."

Tulimweleza yote, tukamwonyesha beringi, tukamsimulia habari za yule mama. Aliigeuza mkononi kwa muda mrefu. Akauliza bei ya habu mpya. Tulipomtajia, akasema: "Basi uzeni rimu, mnunue habu. Mimi nilitoa gari litembee, sikutoa gari lisimame."

Rimu na matairi vilinunuliwa na mwenye gari la harusi la mjini, ambalo halibebi magunia wala haliingii mbugani. Fedha iliyopatikana ilitosha habu ya kulia, beringi na sili za pande zote mbili, na grisi ya kuhimili maji. Tulirudisha rimu za kiwandani, tukatoa spesa, tukachagua matairi ya kipimo kilichomo katika kitabu cha gari. Unyanyuzi wa springi tuliuacha, kwa sababu kuinuka kwa gari peke yake hakuisumbui beringi kama kutanuka kunavyoisumbua, na mbuga haziwezi kupitwa na gari lililolala chini. Vijana wanasema gari sasa linafanana na la idara ya maji. Tumelisikia hilo.

Dereva amepewa kazi mbili ambazo hazigharimu kitu. Kila anapofika mwisho wa safari, kabla hajazima kiu yake, huzigusa habu zote nne kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa na joto lililozidi wenzake, gari haliondoki mpaka iangaliwe. Na mara moja kwa mwezi huinua kila gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini na kulitikisa, kisha akalizungusha na kusikiliza. Njiani, akisikia mvumo, hupinda kidogo kushoto na kulia penye nafasi: ukizidi wakati wa kupinda kushoto, beringi ya kushukiwa ni ya kulia, kwa kuwa uzito umeegemea huko, na kinyume chake vilevile.

Anachokikuta hukiandika katika daftari, pamoja na kilomita na tarehe. Daftari hilo hukaa ofisini kwa kamati, na mwenye pikapu anayetaka kuiga utaratibu wake aje alione baada ya swala ya Ijumaa. Zile beringi tatu pia zipo, kwenye dirisha, juu ya gazeti lilelile.