Nguva na Jina la Tatu

Kwetu sisi wa Nkuhungu na bara yote ya Dodoma, nguva ni kiumbe wa hadithi: nusu mwanamke, nusu samaki. Kwa kweli yeye ni mnyama. Huja juu ya maji kuvuta pumzi, humnyonyesha mtoto wake, na chakula chake ni majani yaotayo chini ya bahari. Wenye elimu ya viumbe wamethibitisha kwamba jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo, na pimbi akaaye katika majabali. Nasi tukaao katika mji ambao wazee husimulia kuwa ulipata jina lake kwa tembo aliyezama, yafaa tumjue ndugu wa tembo aliyekubali kukaa majini.

Elimu hiyo huwapanga viumbe kwa majina. Mwaka 1776 mtaalamu Müller alimwita nguva wetu Trichechus dugon, akimtia katika jenasi moja na manatii, nguva wa Amerika na Afrika Magharibi. Mwaka 1799 Lacépède akamtenga katika jenasi yake, Dugong. Tofauti yaonekana mkiani: mkia wa manatii ni wa duara kama kafi pana; wa nguva wetu una panda kama wa pomboo.

Jina la kwanza ni la jenasi, na la pili ni la spishi. Pengine huongezwa la tatu, la nususpishi, yaani kundi ndani ya spishi lililotofautika na wenzake. Manatii wana spishi 3, na mojawapo, Trichechus manatus, ina nususpishi 2: wa Florida, aitwaye latirostris, na wa Karibi. Mwaka 1986 Domning na Hayek walipima mafuvu yao wakaupa mgawanyo huo nguvu.

Je, jina la tatu lina faida gani? Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza nususpishi hizo zipewe ulinzi mbalimbali, kwa kuwa hatari ya wale wa Karibi ni kubwa zaidi. Wangalihesabiwa pamoja, wingi wa hawa ungaliuficha uchache wa wale.

Nguva wetu hana jina la tatu la namna hiyo. Yeye na wenziwe wa Australia, walio maelfu mengi, huitwa Dugong dugon tu. Basi mwaka 2022 shirika la uhifadhi liitwalo IUCN liliwaorodhesha peke yao nguva wa Afrika Mashariki, likaona kuwa wakubwa wenye kuzaa hawafiki 250, nao wamo katika hatari kuu ya kutoweka. Jina halikubadilika, ila hesabu ilitengwa, na ukweli ukadhihirika.

Katika Tanzania waliosalia huonekana hasa kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Adui yao mkubwa ni jarife: nguva anaswaye huzuiwa kupanda kuvuta pumzi, akafa. Na jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya miezi 13 hivi, kisha hupita miaka kadhaa kabla hajazaa tena. Pengo la mmoja huchukua miaka mingi kuzibika.

Kwa hiyo wazazi wawaeleze watoto wao nguva ni nani hasa. Na mwenye jamaa wavuvi huko pwani awakumbushe: nguva aliye hai wavuni na afunguliwe upesi, kwani wenziwe wa Australia hawatakuja kuijaza nafasi yake.