Mlinzi Asiyepiga Tarumbeta



Ndugu wapendwa, kila mwaka karibu na mwezi Oktoba ofisi ya parokia yetu hupata wageni wa aina moja. Ni wazazi kutoka Mlandizi, Ruvu na Kwala, na wengine kutoka vigango vya upande wa Kisarawe, wanaoleta vijana wao kuombewa baraka kabla ya kwenda chuo kikuu. Kijana huwa ameshika bahasha yenye fomu za kujiunga. Tumezisoma fomu hizo mara nyingi: kiasi cha ada, cheti cha daktari, picha ndogo, shuka, ndoo, namba ya akaunti ya benki. Mwaka mmoja mama mmoja alituuliza swali ambalo jibu lake halikuwemo ndani ya bahasha ile. "Padri, huko anakokwenda mwanangu, kuko salama?"

Tulimjibu, "Mungu atamlinda, mama." Hilo ni jibu la imani, wala hatulikani. Lakini siku ile tulilitumia kama pazia. Ukweli ni kwamba hatukujua, yule mama hakujua, na hapakuwa na kitabu wala ofisi ambayo ingeweza kumwonyesha mambo yaliyowapata wanafunzi wa chuo kile mwaka uliotangulia.

Tunayo na dhambi nyingine ya kuungama mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita baba mmoja alikuja sebuleni kwetu. Tunasema sebuleni, si katika kiti cha kitubio, kwa maana ya kitubio hayatoki kinywani mwa padri hata kwa upanga. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani katikati ya muhula. Majirani waliambiwa ni malaria. Kweli yenyewe ni kwamba alivamiwa usiku katika njia itokayo maktaba kwenda kwenye chumba alichopanga, na pale chuoni alishauriwa asilikuze jambo hilo. Baba yule alituuliza afanye nini. Tulimwambia avumilie, asali, na atunze heshima ya binti. Baada ya miezi michache alirudi. Hakuketi. Alisema, "Padri, mwingine ameumizwa katika njia ile ile." Tunayaandika haya kwa idhini yake.

Tangu siku hiyo hatuwezi kulisikia somo la Nabii Ezekieli, lile la Dominika ya 23 ya Mwaka A, bila moyo kutuchoma. Mungu anamweka nabii kuwa mlinzi wa nyumba ya Israeli. Mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, na mtu akaangamia, damu ya mtu yule itadaiwa mikononi mwa mlinzi. Tazameni, ndugu, kwamba mlinzi huyu hakumwua mtu. Kosa lake ni kwamba alijua, akanyamaza.

Nchi yetu ina kumbukumbu yake ya jambo hili. Mwezi Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikatisha uhai wake baada ya kudhalilishwa na kusumbuliwa na kundi lililojificha nyuma ya jina la Punch. Punch yalikuwa maandishi na michoro ya ukutani isiyo na saini, na kwa miaka mingi wengi waliyachukulia kuwa mzaha wa vijana. Kila mtu pale chuoni aliyaona yakiwa yamebandikwa ukutani. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuyaita uhalifu, kuyahesabu na kuyatangaza. Wanawake waandishi wa habari wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987, hawakukubali kifo kile kipite kimya, na jitihada zao na za wengine zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Je, ukimya uliisha? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Hata hivyo, Novemba 2018 ilibidi mhadhiri wa chuo kile kile aandike hadharani kwamba rushwa hiyo imekithiri, ndipo taifa likashtuka. TAKUKURU ilifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma, na ikathibitisha kwamba tatizo lipo. Ni vema. Lakini utafiti hufanyika mara moja, na wanafunzi wapya huingia kila mwaka.

Wenzetu wa Marekani walipita njia ya uchungu kufikia ufumbuzi. Tarehe 5 Aprili 1986 Jeanne Clery, binti wa miaka 19, alibakwa na kuuawa na mwanafunzi mwenzake ndani ya bweni katika Chuo Kikuu cha Lehigh, jimboni Pennsylvania. Milango iliyopaswa kujifunga yenyewe ilikuwa imezuiwa ibaki wazi. Wazazi wake baadaye walitambua kwamba uhalifu ulikuwa umetokea pale kabla ya mtoto wao, na hakuna aliyewaambia walipokuwa wakimchagulia chuo. Walipigania jambo hilo hadi ikatungwa sheria mwaka 1990, ambayo tangu 1998 inaitwa kwa jina la binti yao. Inavidai vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya wanafunzi kutoka serikali kuu mambo matatu: kutoa kila mwaka, kufikia tarehe 1 Oktoba, takwimu za uhalifu za miaka mitatu iliyopita, kuwa na daftari la matukio ambalo mtu yeyote aweza kulisoma, na kuwatahadharisha wanafunzi bila kukawia panapokuwa na hatari inayoendelea.

Hatusemi kwamba sheria hiyo imefuta uovu. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Liberty, chuo kinachojiita cha Kikristo, kilitozwa faini ya dola milioni 14 kwa kuivunja. Jina la Kristo langoni halizuii watu kuficha dhambi. Sisi Wakatoliki tunalijua hilo kuliko wengi, kwa aibu. Kanisa letu liliwaumiza wadogo mara mbili: kwanza kwa matendo ya baadhi ya watumishi wake, kisha kwa ukimya wa wale waliojua. Ndiyo maana Baba Mtakatifu Fransisko, mwezi Mei 2019, alitoa hati ya Vos estis lux mundi, inayowafunga mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji kwa wakubwa wa Kanisa pasipo kukawia. Ikiwa Kanisa limelazimika kujifunza hivyo, chuo kikuu nacho chaweza kujifunza.

Tunazisikia hoja za upande wa pili. Wengine husema kwamba chuo kinachotangaza uhalifu wake kitakimbiwa, na chuo kinachoficha kitajaa. Hoja hiyo ni kweli pale ambapo kutangaza ni hiari. Ndiyo maana tunaomba iwe sharti kwa vyote, na Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo yenye mamlaka ya kulisimamia. Nasi wazazi tujifunze kusoma. Chuo kinachoandika sifuri mwaka hata mwaka huenda hakina mlango wa kupokea malalamiko.

Wengine huhofia heshima ya walioumizwa. Hofu hii ni ya haki, na jibu lake ni kutangaza hesabu na mahali bila jina wala kitu cha kumtambulisha mtu. Hesabu ya namna hiyo isingalimwaibisha binti wa yule baba, na huenda ingalimwokoa wa pili.

Wapo pia wasemao kwamba Injili yatuagiza kumwonya ndugu faraghani. Ni kweli, na Injili hiyo, ya Mathayo sura ya 18, husomwa Dominika ile ile ya Ezekieli. Lakini msiishie mstari wa kwanza. Asiposikia, waletwe mashahidi. Akikaidi, likaambiwe kanisa. Faragha ni hatua ya kuanzia, si kaburi la kulizikia jambo.

Hoja inayotusumbua zaidi yatoka hapa kwetu Pwani: wazazi wakizisoma takwimu hizo, watawaacha mabinti nyumbani. Hatulipuuzi. Ila tunauliza, je, mzazi anayemzuia binti leo hamzuii kwa uvumi? Uvumi hauna kipimo, nao huwatia hatiani wote. Takwimu humwambia mzazi ni njia ipi, ni saa ngapi, na chuo kimefanya nini. Aweza kumtuma mtoto akiwa na tahadhari badala ya kumfungia kwa hofu.

Tunaongeza jambo moja la mazingira yetu. Sheria ya Wamarekani huhesabu hasa yanayotokea ndani ya eneo la chuo na kandokando yake. Wengi wa watoto wetu wanalala nje, katika vyumba vya kupanga mitaani, na huko ndiko wanakovamiwa. Tukinakili tu, tutahesabu usalama wa majengo na kuwasahau watoto. Uhalifu dhidi ya mwanafunzi uhesabiwe, alale ndani au nje ya uzio.

Na tukumbuke Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, magaidi waliingia katika chuo kikuu kile cha Kenya alfajiri, wakiwatenga Wakristo na Waislamu, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa waliouawa kwanza walikuwa vijana waliokuwa katika sala ya asubuhi. Palipo na hatari ya namna ile, tahadhari ya wazi, iliyotolewa mapema kwa mwanafunzi mwenyewe, ni suala la uhai.

Basi tufanye nini sisi wa Ruvu? Mzazi anayepokea fomu za kujiunga aandike barua kwa mshauri wa wanafunzi, aulize matukio mangapi yaliripotiwa mwaka jana na dawati la jinsia liko chumba gani. Barua moja yaweza kutupwa. Barua za jumuiya zote ndogo ndogo haziwezi kutupwa kwa urahisi. WAWATA na UWAKA walijadili jambo hili katika vikao vyao. Na tunawasihi wakuu wa vyuo vya Kanisa letu wasiisubiri sheria. Wawe wa kwanza kutoa hesabu zao, hata zikiwatia aibu, kwa maana Bwana wetu alitufundisha kwamba taa haiwashwi ili ifunikwe.

Nasi mapadre, anapokuja mzazi na binti aliyeumizwa, tumpeleke kwanza hospitali na polisi akapate fomu yake ya PF3, tukiwa tumeandamana naye. Kuhusu subira tutaongea naye baadaye.

Yule mama bado anasali nasi, na mwanawe alihitimu salama. Tunamshukuru Mungu. Mwaka huu akija mwingine na swali lile lile, tutamwambia kwamba Mungu atamlinda mwanawe, kisha tutachukua karatasi na kalamu, tumsaidie kuiandika barua.

Amani ya Kristo ikae nanyi nyote.