Ati Kujiamini Kwangu ni Tatu kwa Tano?

Wasee, kama umewahi kuwa kwa kikundi cha maigizo mtaani, hiyo fomu unaijua. Siku ya kwanza, kabla hata hamjajuana majina, mnapewa karatasi na biro. "Najiamini ninapozungumza mbele ya watu." Weka alama, moja hadi tano. Miezi sita baadaye, fomu ni ile ile. Mtu ofisini anatoa namba ya kwanza kwa ya pili, anachora grafu, na hiyo grafu inaamua kama mtapata pesa ya ukumbi mwaka ujao.

Sisi ilituua.

Tulikuwa vijana kama ishirini, Eastlands, mazoezi kila Jumamosi. Rafiki yangu mmoja, msichana, alijipa tano kila mahali. Nilikuwa nimekaa kando yake, niliona. Na huyu mtu hangeweza hata kuitisha konda chenji! Angeshuka tu na hasara yake. Lakini nani atamwandikia mgeni wa ofisi kwamba anaogopa watu? Tena hakuwa anajua kusimama mbele ya watu ni nini. Alikuwa hajawahi.

Miezi sita baadaye, ameshasahau maneno yake ukumbi ukiwa umejaa, akanyamaza, akavuta pumzi, akaendelea. Akajipa tatu. Hiyo ndiyo namba ya kwanza ya ukweli aliyowahi kuandika kwa hiyo karatasi. Ripoti ikasema kujiamini kumeshuka. Mfadhili akaenda zake.

Mwezi uliofuata, huyo huyo alisimama kwa baraza la chifu akauliza orodha ya waliopata basari imebandikwa wapi. Wazee waligeuka kumtazama. Hakukaa chini mpaka akajibiwa. Sasa hiyo inaingia kisanduku gani?

Na wale wasichana wa Butere, Aprili 2025 kule Nakuru? Mchezo wao, Echoes of War, ulizua vita mpaka kortini, polisi wakarusha vitoza machozi, na wao wakaimba wimbo wa taifa wakatoka bila kuigiza. Niambie hiyo ni ngapi kwa tano.

Lakini msinielewe vibaya. Kuna wasanii wanapenda kusema sanaa haipimiki, sanaa ni roho, sijui nini. Hao nao wanatuangusha. Ukisema kitu hakipimiki, umempa mwenye bajeti sababu ya kuanza na wewe akikata. Inapimika, jo. Kati ya 2008 na 2010, mradi uliitwa DICE ulifuata vijana 4,475 wa miaka 13 hadi 16, nchi 12, nyingi za Ulaya. Hawakuishia kuwauliza vijana wenyewe. Waliwalinganisha na wenzao wasiofanya drama, wakauliza walimu, wakaleta watu wa nje kuangalia. Wa drama walionekana kujiamini zaidi kwenye mawasiliano, na hata shule walikuwa wanaipenda zaidi.

Najua kikundi cha mtaa hakina pesa ya kufuata watu elfu nne. Sawa. Lakini daftari ni bei gani? Andika nani alikuwa anachelewa Januari na sasa ndiye anakuja na funguo. Nani alikuwa anakubali kila kitu na juzi amemkatalia mwelekezi mbele ya wote. Rudi baada ya mwaka, uliza mamake. Na kama lazima fomu iwe fomu, basi siku ya mwisho ongeza swali moja: ukijiangalia ulivyokuwa ile siku ya kwanza, sasa ungejipa ngapi?

Mimi nilimuuliza rafiki yangu hilo swali, tukiwa tayari hatuna ukumbi. Alicheka sana.

"Siku ya kwanza? Moja. Na hiyo ni ya huruma."

Kutoka moja hadi tatu. Kama uko ofisini na bado unayo ile grafu yetu, irekebishe.